P2, PEP, kondomu au kijiti: mwanafunzi wa chuo Kampala achague nini?

Jumapili asubuhi, famasi zinazozunguka hosteli za Kansanga, Kikoni na Banda huuza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kuliko dawa ya kichwa. Nafanya kazi kwenye mojawapo ya maduka hayo. Wateja wangu wengi wa siku hiyo ni wanafunzi: Wakenya, Watanzania, Wakongo, na Waganda waliokulia kambi za jeshi ambao Kiswahili chao ni cha nyumbani. Waganda wengine huniita musawo, wanavyomwita kila mtu wa dawa. Wenzangu wa Kiswahili wakishasikia lafudhi ya Mombasa huniita dada, wakasogea karibu na kaunta, wakauliza kwa sauti ya chini: "Dada, ipi ni nzuri?"

Hakuna iliyo nzuri kwa kila kitu. Hatari ni mbili, mimba na maambukizi, na karibu kila kinga iliyo kwenye rafu inazuia moja na kuiachia njia nyingine. Mimba huonekana. Mama atajua, karo itayumba, mwaka utapotea. Virusi havionekani, kwa hiyo tunakimbilia kinga ya mimba na kuiahirisha ile nyingine mpaka siku tutakayoumwa. Nitazilinganisha hapa kwa maswali matatu ambayo mnunuzi anapaswa kujiuliza: hii inazuia nini, saa yake inaisha lini, na ni nani anayetakiwa kukumbuka?

| Njia | Mimba kwa mwaka, kati ya wanawake 100 | VVU | Kisonono, klamidia, kaswende |
|---|---|---|---|
| Kondomu ya kiume | 13 | inazuia | inapunguza sana |
| Vidonge vya kila siku | 7 | haizuii | haizuii |
| Sindano ya miezi mitatu | 4 | haizuii | haizuii |
| Kitanzi cha shaba (kifaa cha ndani ya kizazi) | chini ya 1 | haizuii | haizuii |
| Kijiti (cha mkononi) | chini ya 1 | haizuii | haizuii |
| Kumwaga nje | 20 | haizuii | haizuii |
| PrEP (dawa ya kuzuia VVU, ya kabla ya hatari) | haizuii mimba | inazuia | haizuii |

Hesabu hizo za mimba ndizo zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na ni za watu wa kawaida, wanaosahau na kuchelewa. Kondomu ikivaliwa sawasawa kila mara, mimba zinashuka hadi 2 kati ya 100. Pengo la kutoka 2 hadi 13 halitokani na mpira kuwa mbovu. Ni zile siku iliposahaulika kwenye begi, au ilipovaliwa katikati ya shughuli, au mtu aliposema "leo tu."

Kondomu: ya bure na ya kununua

Wanafunzi wengi huzidharau kondomu za bure zinazowekwa kwenye vituo vya afya na baadhi ya hosteli. Dharau hiyo ina chanzo. Mwaka 2004 serikali iliziondoa kondomu za Engabu baada ya watumiaji kulalamika kwamba zinanuka, na imani ya watu ikaondoka nazo. Lakini mwaka 2019 ikaja zamu ya Life Guard, ambazo ni za kununua: Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ilikuta matoleo yenye matundu, na Marie Stopes Uganda ikayarudisha kutoka madukani. Ya bure imewahi kufeli, na ya kulipia imewahi kufeli. Zote hupimwa na NDA, na kwa matumizi ya kawaida tofauti unayoilipia ni pakiti, ladha ya stroberi na kule kujisikia kwamba umenunua.

Cha kuangalia zaidi ni mahali ilipokaa. Kondomu iliyokaa miezi kwenye pochi ya mfuko wa nyuma, ikakaliwa kwenye boda kila siku na kuchomwa na jua la Kampala, ni mbaya kuliko ya bure iliyotoka kwenye boksi jana. Soma tarehe. Bonyeza pakiti kwa vidole viwili: ukihisi hewa inahama kutoka upande mmoja hadi mwingine, haijatoboka. Ikiwa imelala bapa, itupe. Usiifungue kwa meno. Usipake Vaseline, losheni wala mafuta ya nazi, maana mafuta hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache. Kilainishi cha maji kinauzwa famasi hiyohiyo. Na usivae mbili kwa pamoja ukidhani ni ulinzi mara mbili, kwa sababu zinasuguana na kuchanika.

Ubora wake mkuu uko wazi kwenye jedwali: ni yenyewe tu inayozuia mimba na maambukizi kwa wakati mmoja, haina daktari, haina miadi, haina madhara mwilini isipokuwa kwa wachache wenye mzio wa mpira. Udhaifu wake nao ni mmoja, ila ni mkubwa. Inataka watu wawili wakubaliane usiku, na mara nyingi mmoja wao amekunywa. Ndiyo maana siipi alama za juu kama kinga pekee kwa msichana ambaye mwenzake "hapendi mpira." Kwa huyo, kinga nzuri ni ile isiyohitaji ruhusa ya mtu mwingine. Ipo, nitaifikia.

Kondomu ya kike ingefaa hapo, lakini si rahisi kuipata madukani, na kumshauri mtu kitu ambacho atakitafuta Kampala nzima ni kumpotezea muda.

Jambo moja la pembeni. Wavulana hununua kondomu kwa kuonyesha kidole tu, bila kutaja jina. Wasichana wengi hawanunui kabisa. Wanangoja mvulana aje nayo. Halafu msichana huyohuyo anakuja kununua P2 peke yake, akiwa na haya mara mbili zaidi ya zile ambazo angekuwa nazo Ijumaa.

Asubuhi yake: P2 au kitanzi

P2 ni levonorgestrel, miligramu 1.5, iwe kwenye kidonge kimoja au viwili. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka. Likiwa limeshatoka, dawa haina la kufanya, ndiyo maana kila saa ina maana: imezwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia dozi. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, au baadhi ya dawa za kifafa, amwambie mtu wa famasi kwanza, kwa sababu dawa hizo huipunguza nguvu.

Haitoi mimba iliyokwisha kushika. Haiharibu kizazi, hata kama rafiki yako wa chumba ameapa. Lakini anayeimeza mara tatu kwa mwezi atavuruga hedhi mpaka asijue siku zake, na kila mwezi atakuwa kwenye kaunta akinunua kipimo cha mimba kwa wasiwasi. Halafu kuna jambo ambalo hata wanafunzi wa udaktari hulisahau: kwa kuwa P2 huchelewesha yai, yai hilo linaweza kutoka siku chache baadaye. Ukilala naye tena Jumatano bila kinga, P2 ya Jumapili haikulindi.

Mwenzake, ambaye karibu hakuna anayemuuliza, ni kitanzi cha shaba. Kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, kinazuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, na baada ya hapo kinaendelea kukulinda kwa miaka 10 au zaidi. Uvumi kwamba ni cha waliokwisha kuzaa si kweli. Ubaya wake ni kwamba kinahitaji mhudumu aliyefunzwa, hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu miezi ya kwanza, na msichana wa miaka 20 anayelala hosteli ya watu wanne hataki kupanda kitanda cha uchunguzi. Naelewa. Lakini kwa aliye siku ya nne, wakati P2 imeshapungua nguvu sana, kitanzi ndicho cha kufikiria kwanza.

Mazungumzo kwenye kaunta huwa hivi. Huyu alikuja wiki ya mitihani, kofia ya sweta kichwani, pesa ameikunja ndogo mkononi.

"Dada, naomba P2."

"Ilikuwa lini?"

"Ijumaa usiku. Baada ya pati."

"Saa ngapi hivi?"

"Kama saa sita."

Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, saa 34 zimepita. P2 bado inafaa. Nikamuuliza kama anajua hali ya huyo mwenzake. Akatazama mlangoni. "Si mtu wangu kabisa. Tulikutana tu. Mimi nataka P2 tu, dada." Nikampa, na maji ya chupa. Alipokuwa anameza nikamwandikia neno PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, nyuma ya risiti na saa ambayo muda wake ungeisha: Jumatatu saa sita usiku. Aliisoma mara mbili. "Hii inauzwa hapa?" Nikamwambia haiuzwi, inatolewa kituo cha afya, na ni bure.

PEP na PrEP

Majina yanafanana na watu huyachanganya, kwa hiyo taratibu. PEP ni ARV, dawa za kupambana na VVU, anazomeza mtu asiye na VVU baada ya kuwa hatarini: kondomu imepasuka, hakukuwa na kondomu, au amebakwa. Ianze ndani ya saa 72, na saa chache za mwanzo ni bora kuliko siku ya tatu. Inamezwa kila siku kwa siku 28. Kabla ya kuanza unapimwa, kwa sababu mwenye VVU tayari anahitaji tiba ya kudumu, na ukimaliza unarudi kupimwa tena. PrEP ni ya kabla: mtu asiye na VVU anameza kidonge kila siku kwa kipindi chote ambacho anajua ana hatari, na anapimwa kila miezi mitatu.

Kama wazo, PrEP inashinda kwa mbali. PEP inakutaka ufanye uamuzi mgumu ukiwa na uchovu, hofu na saa inayokimbia. PrEP unaianza siku ya kawaida, umetulia. Na ilithibitishwa hapahapa: utafiti uliofanyika Kenya na Uganda kwa wanandoa ambao mmoja ana VVU ulionyesha mwaka 2011 kwamba kidonge cha dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, wale wasiomeza kila siku wakiwemo.

Tatizo liko kwenye kumeza. Utafiti mwingine, uliotolewa matokeo mwaka 2024, uliwafuata wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Afrika Kusini na Uganda, yaani rika lenu. Kati ya 2,134 waliopewa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Kati ya 1,068 waliopewa kidonge cha kila siku cha PrEP, 16 walipata. Kidonge hakikuwa kibovu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakuwa wanakimeza.

Ukikaa hosteli unajua kwa nini. Kopo la PrEP linafanana na la ARV, vidonge vinagonga ndani ya begi ukipanda ngazi, na mwenzako wa chumba akiliona kwenye droo habari inafika orofa ya nne kabla ya chakula cha jioni. Wanaofanikiwa hufanya mambo madogo: huhamishia vidonge vya wiki kwenye pakiti ndogo isiyo na jina, huvifunga na jambo la kila siku kama mswaki, huweka kengele ya simu iliyoandikwa "notsi." Siku za kwanza kichefuchefu na kuumwa kichwa ni kawaida, na huisha. Kwa mwanamke, ihesabu siku 7 za kumeza mfululizo kabla ya kuitegemea. Mhudumu akikuambia ungoje zaidi, mfuate yeye. Haigombani na kijiti wala sindano ya uzazi wa mpango. Bia haiifuti, ingawa bia inakusahaulisha kuimeza.

Sindano za PrEP zipo pia, ya cabotegravir kila miezi miwili na hiyo lenacapavir kila miezi sita. Ulizia kwenye kituo kama wanayo kabla ya kujipangia. Ukiikuta na una sifa za kuipata, kwa mtu wa hosteli ningeichagua mbele ya kidonge bila kufikiri sana.

Kumbuka safu ya mwisho ya jedwali. PEP na PrEP hazigusi kisonono, klamidia wala kaswende. Kwa wanawake klamidia na kisonono mara nyingi hukaa kimya bila dalili, huku zikiharibu mirija ya uzazi. Na tafadhali, achaneni na mtindo wa kununua antibiotiki ya "sipro" kwa kila kinachowasha: usugu wa kisonono kwa ciprofloxacin Kampala umekuwa mkubwa kwa miaka mingi. Unajitibu, dalili zinapungua, unaendelea kuambukiza.

Kijiti, sindano, au vidonge vya kila siku

Hizi ndizo kinga za mimba zisizohitaji ruhusa ya mtu mwingine.

Vidonge vya kila siku sivipendekezi kwa mwanafunzi, labda yule mwenye ratiba ya jeshi. Anayesahau mtihani wa saa mbili asubuhi atasahau kidonge.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo wengi wanaijua, na Uganda ni mojawapo ya nchi za mwanzo Afrika zilizofundisha wanawake kujidunga wenyewe ile ndogo ya Sayana Press, chini ya ngozi, kwenye paja au tumbo. Ukishafundishwa unaweza kupewa za akiba ukaenda nazo likizo Arusha au Kakamega. Usiri wake ni mzuri sana: hakuna kopo, hakuna alama. Ila hedhi itabadilika, itakuwa ya matone matone au itakoma kabisa, na kuna wasichana ambao hedhi ikikosekana hawalali. Pia ukiiacha, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Hapo ndipo uvumi wa "inaharibu kizazi" ulipozaliwa. Haikiharibu, inachelewesha. Anayepanga kuolewa na kuzaa mara tu baada ya mahafali ajue hilo mapema.

Kijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa ganzi ndogo, na hudumu miaka mitatu au mitano kulingana na aina. Kwa shahada ya miaka mitatu au minne hesabu inakaa yenyewe. Hakuna cha kukumbuka. Ukikitoa, uwezo wa kushika mimba unarudi haraka. Hedhi nayo huchezacheza, hasa mwaka wa kwanza, na hilo ndilo linalowafanya wengi wakitoe. Malalamiko mengine ninayoyasikia ni ya kipwani kabisa: mama au shangazi atakushika mkono wakati wa kukupaka hina, avihisi vidole vyake vikipita juu ya kitu. Kwa anayeogopa hilo, sindano ya kujidunga ni bora, au kitanzi.

Njia za bure

Kumwaga nje: 20 kati ya 100, na haizuii VVU. Kuhesabu siku: hufaa kwa mwenye mzunguko usiobadilika na mwenza mwenye subira, na wiki ya mitihani inaweza kuuvuruga mzunguko wenyewe. Tohara: wavulana wa pwani na Waislamu wenzangu hunijibu "mimi nimetahiriwa" kana kwamba suala limekwisha. Inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, jambo ambalo utafiti wa Rakai hapa Uganda ulisaidia kulithibitisha. Arobaini zilizobaki bado ni nyingi, na msichana anayelala nawe haimkingi moja kwa moja.

Kujizuia ipo, na wengi wako kwenye njia hiyo kwa imani au kwa uamuzi wao tu. Ni kinga kamili siku zote inapofuatwa. Ninachowaombea walio humo ni wawe na namba ya kituo hata hivyo. Wengi niliowaona wakitetemeka zaidi kwenye kaunta ni wale waliokuwa hawajapanga chochote kwa sababu walikuwa "hawafanyi."

Mwanafunzi mwenzako au sponsa

Hili huwekwa kwenye hotuba za maadili, mimi naliweka kwenye ulinganisho wa hatari. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 6.2 ya watu wazima wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wana VVU. Kwa wanaume wa miaka 45 hadi 49 ilikuwa asilimia 14. Huyo ndiye sponsa, mwenye gari anayekungoja nje ya geti la hosteli. Hatari yake iko kwenye umri, na iko pia kwenye mazungumzo: anayelipa kodi ya chumba chako ndiye anayeamua kama kondomu itavaliwa. Kwa uhusiano wa namna hiyo, kondomu peke yake ni mpango dhaifu. PrEP na kijiti ni vyako, viko mwilini mwako, havimuombi ruhusa.

Upande wa pili, mwenza mwenye VVU anayemeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hakuambukizi kwa ngono. Nimeona wasichana wakimwacha kijana mkweli wa aina hiyo na kwenda kwa mwingine ambaye hajawahi kupimwa. Kwa hesabu ya hatari tupu, wamechagua vibaya.

Kujipima hosteli au kituoni

Kipimo cha kujipima VVU unapitisha kijiti chake kwenye ufizi, unangoja kama dakika 20, unasoma mistari. Faida yake ni faragha. Hasara yake ni kwamba mistari miwili saa tano usiku, peke yako, ni mzigo mzito, na jibu hilo lazima lithibitishwe kituoni kabla ya kuamini lolote. Pia hakioni maambukizi mapya. Jibu la "sina" linahusu hali yako ilivyokuwa miezi mitatu iliyopita. Anayetumia PrEP au PEP asikitegemee, apimwe kituoni.

Matumizi mabaya ninayoyaona ni ya wapenzi wapya wanaonunua viwili Ijumaa, wakiona mstari mmoja mmoja wanaitupa kondomu usiku huohuo. Pimeni, endeleeni na kondomu, pimeni tena baada ya miezi mitatu.

Wapi pa kwenda

Famasi ni ya haraka, haiulizi jina, na inauza P2, kondomu na vipimo. PEP na PrEP mara nyingi utaelekezwa kwingine. Zahanati ya chuo iko karibu na ada umeshalipia, lakini anayekuandikisha anaweza kuwa anakaa hosteli moja nawe. Vituo vya serikali ni bure kwa huduma za VVU na uzazi wa mpango: kwa walio Kansanga na Kabalagala kuna Kisugu, kwa walio mjini kuna Kisenyi, kwa walio upande wa Bugolobi kuna Kiswa. Foleni ni ndefu, nenda mapema. Kituo cha vijana cha Naguru kilianzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya umri wenu, na lugha ya pale ni ya vijana. Reproductive Health Uganda na Marie Stopes ni wazuri kwa kijiti na kitanzi.

Tangu mapema 2025 mambo yamebadilika. Marekani iliposimamisha misaada, PrEP ya fedha zake iliruhusiwa kwa muda kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, na Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za VVU ziunganishwe na wagonjwa wa nje wa kawaida. Wapo waliopenda, kwa sababu kwenye foleni hiyo hakuna anayejua umefuata nini. Wapo waliopoteza mhudumu waliyemzoea. Kwako maana yake ni moja: piga simu au ulizia kwanza kama dawa ipo, usifunge safari kwa mazoea ya zamani.

Ningechagua nini

Msichana mwenye mpenzi mmoja wa chuoni: kijiti au sindano, na kondomu mpaka wote wawili wapimwe mara mbili. Msichana mwenye sponsa, au mwenye wapenzi zaidi ya mmoja: kijiti na PrEP, kondomu kila inapowezekana, kipimo kila miezi mitatu. Mvulana: kondomu zake mwenyewe, nzima, si za kungoja mwenzake aulize, na PrEP kama hatulii. Anayekwenda pati tu mara moja moja: kondomu mbili mfukoni kabla ya chupa ya kwanza, maana baada ya ya tatu hatazitafuta.

Na kama imeshatokea, P2 na PEP ni vitu viwili tofauti, na unaweza kuhitaji vyote siku moja. Aliyebakwa anastahili vyote viwili, na matibabu hayasubiri fomu ya polisi. Ikiwa ni Jumapili na wagonjwa wa nje wamefungiwa, nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa, Kiruddu, Naguru au Mulago. Dirishani huna haja ya kusimulia hadithi. Sema "nahitaji PEP," taja siku na saa ilipotokea, uliza dawa walizokupa ni za siku ngapi na unazifuata wapi zilizobaki, kwa sababu wikendi mara nyingine hutoa za kuanzia tu na zilizobaki ni za Jumatatu.